Kisima cha pampu kikionekana kitulivu mno kwenye kompyuta

Ukikokotoa mtiririko wa maji kwenye kisima cha pampu, yaani chumba ambamo pampu hufyonza maji, kwa modeli ya msukosuko iitwayo k-epsilon, mara nyingi utapata picha ya kupendeza. Mistari ya mkondo imenyooka, inajikunja taratibu, inaingia mdomoni mwa pampu bila ugomvi. Picha hiyo ndiyo ya kutilia shaka kwanza. Kisima halisi chenye vipimo hivyohivyo kinaweza kuwa na kisulisuli kinachoanzia sakafuni na kupanda hadi kwenye impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji), kinachopotea na kurudi kila baada ya sekunde kadhaa, huku pampu ikinguruma kana kwamba imemeza changarawe.

Tufanye hesabu ya karatasi kabla ya kuwasha chochote. Pampu ya wima, lita 250 kwa sekunde. Kiwango cha ANSI/HI 9.8 cha Marekani kinalenga kasi ya takriban 1.7 m/s kwenye mdomo uliopanuka kama kengele. Kwa kipenyo D cha mita 0.45 tunapata 1.57 m/s. Namba ya Froude (Fr), yaani kasi hiyo ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha gD, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia, inatoka 0.75. Kina cha chini cha maji juu ya mdomo ni D(1 + 2.3Fr), hapa mita 1.22. Upana wa chumba ni 2D, mita 0.9. Mdomo uinuke kutoka sakafuni kwa 0.3D hadi 0.5D, na ukuta wa nyuma uwe umbali wa 0.25D kutoka ukingo wa mdomo. Ukiweka kina chote mita 1.45, maji yanaukaribia mdomo kwa 0.19 m/s, chini kabisa ya kikomo cha 0.5. Anayeruka hesabu hii huishia kuichosha kompyuta wiki nzima ili agundue jambo ambalo kikokotoo cha simu kingemwambia kwa dakika tano.

Sasa, kwa nini k-epsilon inatuliza maji? Modeli hii inaweka wastani wa msukosuko wote kisha inaurudisha kama mnato wa ziada. Tatizo ni kwamba haina hisia ya mzunguko. Katika kiini cha kisulisuli maji huzunguka pamoja kama gurudumu, na msukosuko wa kweli hapo hufifia. Modeli inamwaga mnato hapohapo, kiini kinanenepa, shinikizo katikati halishuki inavyopaswa, na kisulisuli kinakufa kwenye skrini tu. SST k-omega, modeli nyingine ya msukosuko, ikiwa na sahihisho la mpindo wa mkondo ni afadhali. Kwa kisima nisichokijua ningechagua SAS, ambayo kwenye OpenFOAM, programu huria ya kukokotoa mtiririko, inaitwa kOmegaSSTSAS, kwa sababu inaacha misukosuko mikubwa ijitokeze yenyewe kadiri muda unavyokwenda. LES kamili, inayokokotoa moja kwa moja misukosuko yote mikubwa, ni nzuri, ila bili ya umeme itakukumbusha.

Kuna dalili moja ambayo wengi huichukulia kama hitilafu ya programu: ukokotoaji wa hali thabiti unakataa kutulia, mabaki ya milinganyo (makosa yanayosalia kila raundi) yanapanda na kushuka bila kikomo. Mara nyingi hilo ni jibu. Maji yenyewe hayajatulia. Kubana vizuizi vya ukokotoaji mpaka mstari unyooke ni kumziba mdomo shahidi. Hamia kwenye ukokotoaji wa muda.

Wavu wa seli ndipo gharama ilipo. Kuzunguka mdomo seli za milimita 9, yaani D/50, zinatosha kuonyesha mkondo mkuu. Kiini cha kisulisuli kinahitaji angalau seli 10 kukatiza upana wake, kwa hiyo chini ya mdomo, kwenye pembe za nyuma na pale kisulisuli kinaponing'inia kutoka juu, shuka hadi milimita 2. Kwa kasi ya 1.6 m/s, namba ya Courant (idadi ya seli ambazo maji huvuka kwa hatua moja ya muda) isizidi 1, hatua ya muda inakuwa kama milisekunde 1.25. Dakika tano za maji ni hatua 240,000. Maji ya chumba hiki chenye urefu wa 5D yanabadilika yote kwa takriban sekunde 12. Tupa dakika mbili za mwanzo, kisha ndipo uanze kuweka wastani.

Kosa kubwa kuliko yote halimo kwenye modeli wala kwenye wavu. Limo kwenye mpaka wa kuingilia: mtu anakata mfereji mita mbili kabla ya pampu na kuweka kasi sawa upana mzima. Hapo ameshaamua jibu. Chora mfereji mpaka nyuma ya kona ya mwisho, weka nguzo na mageti, na kokotoa kila mpangilio wa pampu, hasa ule ambao pampu ya pembeni imezimwa na maji yanaingia kwa ubavu. Kwa vituo vinavyovuta Ziwa Victoria ongeza hali ambayo magugu maji yameziba nusu ya chekeche, na viwango viwili vya maji: kina cha ziwa kilichozoeleka si cha kuamini, maana lilishuka vibaya mwaka 2006 na Mei 2020 likapanda hadi rekodi. Tena, ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88, hivyo pampu imekwishapoteza mita 1.3 za kichwa cha ufyonzaji kabla kisulisuli hakijaongeza lake.

Matokeo yasomwe kwa namba, si kwa rangi. Pembe ya mzunguko ndani ya bomba la pampu, yaani jinsi mkondo unavyopinda kutoka mhimili wa bomba, isizidi nyuzi 5. Kwa bomba la milimita 300 hiyo ni takriban mzunguko mmoja kila sekunde tatu. Wastani wa kasi katika kila nukta ya koo usitofautiane na wastani wa eneo zima kwa zaidi ya asilimia 10. Ukiona kisulisuli cha sakafuni, jaribu koni chini ya mdomo au kigawanyio cha sakafu. Kwenye pembe za nyuma jaza zege la mshazari. Kile cha juu mara nyingi huvunjwa na ukuta pazia unaozama kidogo.

Uso wa maji ukiwekwa kama kifuniko laini, ukokotoaji ni wa bei nafuu na mizunguko ya chini inaonekana vizuri, lakini hewa haiwezi kuingia kamwe. Mbinu ya VOF, inayofuatilia mpaka wa maji na hewa ndani ya seli, inaruhusu hewa, ila seli zikiwa nene mkia wa hewa unakatika mapema na utadhani umesalimika. Ndiyo maana kwa pampu inayozidi lita 2,520 kwa sekunde, au kituo kinachozidi 6,310, au mkondo unaoingia kwa upande, kiwango kinadai kielelezo halisi cha maji, yaani kisima kidogo kilichojengwa kwa majaribio. Kisima chetu kikipunguzwa mara nne, mdomo ni sentimita 11 na kasi 0.79 m/s, namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo na mnato) inabaki kama 88,000, juu ya 60,000 inayotakiwa. Tone la rangi na mabamba ya plastiki angavu vinamaliza ubishi kwa asubuhi moja.