Mji Ulio Juu ya Mlima

Wapendwa katika Bwana, wiki nzima swali la Yakobo 4:1 limenikaa rohoni: "Vita vyatoka wapi?" Yakobo hataji mipaka wala silaha, anataja tamaa. Basi tulipeleke swali hilo kwenye ule ugomvi wa Marekani na Muungano wa Kisovyeti. Wengi tunaukumbuka kwa mabomu ya nyuklia, lakini bomu lilikuta chuki imeshaota mizizi.

Mwaka 1630 gavana John Winthrop aliwaambia Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliokuwa wakihamia Massachusetts huko Amerika, kwamba watakuwa kama mji ulio juu ya mlima. Ni Mathayo 5:14, naye alilitumia kama onyo: macho ya watu wote yanatutazama, na tukimfanyia Mungu hila tutakuwa mithali midomoni mwa mataifa. Wajukuu wakaushika mlima, onyo wakalitupa. Kufikia miaka ya 1840 wako waliosema Mungu mwenyewe amewaandikia nchi yote hadi Pasifiki. Wenyeji wa nchi hiyo hawakuulizwa.

Urusi nayo ilikuwa na mlima wake. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtawa Filofei wa Pskov aliandika kwamba Roma mbili (Roma yenyewe na Konstantinopoli) zimeanguka, ya tatu ni Moscow, na ya nne haitakuwapo. Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, walipotwaa madaraka mwaka 1917 walimkana Mungu, na mwaka 1931 wakalilipua Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, lakini kule kujiona wateule hawakukulipua. Sasa aliyewateua ni historia. Ongeza hofu: nchi tambarare, Napoleon mwaka 1812, Wajerumani mwaka 1914 na tena 1941, wafu wapatao milioni 27 katika vita vya pili. Marekani ilikuwa na bahari mbili za kuilinda. Ndiyo maana Poland, iliyo kati ya Urusi na Ujerumani, kwa Stalin, mtawala wa Kisovyeti, ilikuwa ukuta wa nyumba yake. Kwa Washington ilikuwa mtu aliyefungwa minyororo. (Na kweli Wapoland walifungwa. Sisemi pande zote zilikuwa sawa.)

Mwaka 1946 mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan alituma telegramu ndefu kutoka Moscow, na miezi saba baadaye balozi wa Kisovyeti Novikov akatuma yake kutoka Washington. Kila mmoja alieleza vizuri ugonjwa wa jirani. Nyani haoni kundule.

Hapa ndipo kanisa linapohusika. Mwaka 1983, huko Orlando, Rais Reagan aliiita Urusi ya Kisovyeti dola la uovu, mbele ya mkutano wa wainjili. Tusiwacheke. Yule Farisayo wa Luka 18 hakusema uongo: alifunga mara mbili kwa juma, zaka alitoa. Kosa lake ni kwamba alisali huku akimpima mwenzake kwa pembeni. "Nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Mara ngapi tumeiombea nchi yetu, chama chetu, dhehebu letu, kwa sala hiyohiyo, ila tukabadilisha majina? Tunasimama madhabahuni na kulaani kambi nyingine, kisha tunaita maombezi!

Kabla hujamtaja mpinzani wako katika sala wiki hii, itaje kwanza hofu yake, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Ukishindwa, bado humjui, nyamaza kwanza. Ukiweza, ndipo useme ya mtoza ushuru: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi."