Kumbukumbu ya mradi: hita mpya kwa maji ya chumvi ya Dodoma

Hita mpya imepita msimu wake wa kwanza wa kipupwe, na wiki hii niliizima, nikaimwaga maji na kufungua mfuniko wa chini ili nione ndani. Juu ya ala za elementi, yaani mifuko ya chuma inayofunika fimbo za kupashia maji, palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya maziwa, laini, unaofutika kwa kidole gumba. Chini ya tanki palikuwa na vipande vichache vyepesi vya chokaa ambavyo vilitoka vyote nilipopitisha maji ya mpira. Wenzangu mnaotumia maji ya visima vya hapa mnaelewa kwa nini nimefurahi kiasi cha kuandika, kwa sababu hita iliyotangulia, ikiwa na ujazo uleule wa lita 80 na nguvu ileile ya wati 1,500, ilikuwa imegeuka jiwe.

Nieleze jinsi ile ya zamani ilivyokufa, kwa kuwa uchaguzi wote uliofuata umetokana na uchunguzi wa maiti yake. Dalili ilikuwa breka ya kinga ya uvujaji wa umeme kuruka kila hita ilipowashwa kwa dakika kadhaa. Elementi yenyewe ilipopimwa ilisoma takriban omu 35, ambayo ndiyo hasa inayotarajiwa kwa wati 1,500 katika volti 230, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba ni nzima. Tatizo lilionekana pale nilipopima kati ya ncha ya elementi na ganda lake la shaba: umeme ulikuwa unapita mahali ambapo haukupaswa kupita hata kidogo. Nilipoitoa, ilikuwa imevaa ukoko mweupe mgumu wenye unene wa karibu nusu sentimita, uliopangika kwa matabaka, na kipande kimoja kilipokatika kwa bisibisi kiliacha ufa mwembamba kwenye ganda, ukiwa na doa la kijani pembeni yake.

Hapo ndipo mlolongo mzima unapoonekana. Kalsi bikabonati iliyoyeyuka katika maji baridi hugeuka kalsi kabonati maji yanapopata joto, na kwa kuwa sehemu yenye joto kali kuliko zote ni uso wa elementi, huko ndiko inakoganda kwanza. Ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenda kwenye maji, elementi hupata moto kupita kiwango ilichotengenezewa, ganda hupasuka, na maji hupenya hadi kwenye unga wa oksidi ya magnesi unaotenganisha waya wa ndani na ganda. Unga ukishalowa, breka huruka, na breka hiyo inafanya kazi yake barabara, wala si mbovu kama fundi mmoja alivyotaka kunishawishi ili aiondoe. Nasisitiza jambo hili kwa nguvu zote: breka inayoruka kwa sababu ya hita ya maji haiondolewi, kwa kuwa ndiyo inayomlinda aliye bafuni asipigwe na umeme.

Ningeweza kubadilisha elementi peke yake, lakini fimbo ya anodi ilikuwa imekwisha kabisa, umebaki waya wake wa katikati tu, na kutu ilikuwa imeanza kutoka kwenye mshono wa tanki. Anodi ya magnesi huliwa badala ya chuma cha tanki, na maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo huila haraka zaidi. Tanki lililokwisha kuanza kuvuja kwenye mshono halina tiba.

Kabla ya kuingia dukani nilitaka kujua maji yangu. Kile kipimo kidogo cha kalamu kinachoonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka nimekiweka kando kwa kazi hii, kwa sababu kinahesabu kila chumvi pamoja, ikiwemo ya kawaida ambayo haigandi kamwe juu ya elementi. Vijiti vya karatasi vya kupimia ugumu wa maji, yaani kiasi cha chokaa iliyoyeyuka ndani yake, ni bei nafuu na vinajibu swali lenyewe. Kijiti changu kilifika rangi ya mwisho, yaani zaidi ya miligramu 250 kwa lita. Kwa matumizi ya lita 80 kwa siku, hiyo ni gramu 20 za chokaa zinazoingia kwenye tanki kila siku, au zaidi ya kilo saba kwa mwaka. Nyingi hupita na kutoka bombani, lakini hata sehemu ndogo ikibaki inatosha kujenga kile nilichokibandua. Pia niseme kwamba sumaku zinazofungwa juu ya bomba kwa madai ya kuzuia chokaa sijashawishika nazo, na fedha yake ni bora iende kwenye anodi ya akiba.

Hita ya papo kwa papo ya bafuni, isiyo na tanki, niliiondoa mapema kwenye orodha ya kununua. Hiyo ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampea 24, hivyo hudai waya wake wenyewe wa milimita nne za mraba, na umeme ukishuka hadi volti 200 jioni, nguvu hubaki kama robo tatu tu. Juu ya hayo, elementi yake imebanwa kwenye chumba kidogo sana ambamo chokaa haina pa kwenda.

Ya jua ndiyo iliyoniumiza kichwa, kwa kuwa Dodoma ina jua la kutosha na nilikuwa nimekwisha kuchagua sehemu ya paa inayotazama kaskazini. Aina inayouzwa zaidi ni ile ya mirija ya kioo yenye ombwe, ambamo maji yenyewe huingia ndani ya mirija. Kila mrija umefungwa chini, kwa hiyo chokaa na mchanga hutua humo na havitoki mpaka mrija uchomolewe. Kizito zaidi ni kwamba jua halina thamostati, yaani kifaa cha kuzima joto likifika kiwango kilichowekwa. Siku ambayo familia imesafiri, tanki hupanda hadi nyuzi 80 au zaidi, na kasi ya chokaa kuganda huongezeka sana kadiri maji yanavyozidi nyuzi 60. Iko aina yenye koti la maji yanayozunguka peke yake bila kuchanganyika na ya kuogea, nayo ningeichukua kwa moyo mweupe, lakini bei yake ilizidi uwezo wangu wa sasa.

Nilibaki na hita ya umeme yenye tanki, na hapo nikatafuta mambo ambayo muuzaji wa kwanza hakutaka hata kuyazungumzia, kwani yeye alijua lita na wati basi. Nilitaka elementi kavu, yaani ile inayokaa ndani ya ala ya chuma iliyopakwa enameli bila kugusana na maji. Ala ina eneo kubwa kuliko elementi ya kuzama, hivyo joto lilelile husambaa kwenye uso mpana zaidi, uso hauwi na joto kali sana, na chokaa inayoganda ni laini na hubanduka yenyewe. Elementi ikifa, hutolewa na kuwekwa nyingine bila kumwaga tanki. Nilitaka pia mfuniko wa chini wenye boliti unaopitisha mkono, anodi nene inayofikika kwa spana ya kawaida, na thamostati yenye kitasa cha nje. Hita niliyoipata katika duka la pili ina yote hayo na ilikuwa ghali kuliko ya kawaida, lakini kila boliti ya mfuniko ule ilifunguka wiki hii bila mapambano, jambo ambalo lina thamani yake.

Thamostati nimeiweka nyuzi 55. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 22 huchukua takriban uniti tatu, ambazo kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo hugharimu shilingi elfu moja na kidogo zote zikijumlishwa, na maji hayo yakichanganywa na ya baridi hutoa karibu lita 145 za nyuzi 40. Kwa kuwa bakteria wa majini hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, mwishoni mwa wiki napandisha hadi 65 kwa saa chache, kisha narudisha.

Nilikuwa nimepanga sasa kupima joto linalopotea usiku kupitia ganda la tanki, lakini nimeacha, kwa sababu wakati nasuuza ule utando niliwaza kuhusu maji ya mvua, ambayo hayana ugumu. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na paa la mita za mraba 100 hukusanya lita 100 kwa kila milimita moja. Kiangazi chote kingehitaji tanki la karibu lita 17,000, ambalo sina mahali pa kuliweka. Hata hivyo tanki la lita 5,000, likijazwa na mvua za mwisho za Aprili, linatosha miezi miwili kamili ya lita 80 kwa siku, na Juni na Julai ndiyo miezi tunayowasha hita kila siku. Nikichanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima, ugumu unashuka kwa nusu na akiba inafika Agosti na Septemba.

Tanki la tani tano halipandi mnarani, kwa hiyo litakaa chini, na pampu ndogo itapandisha maji hadi kwenye tanki la lita 200 lililo juu ya bafu. Mifereji ya upande wa kaskazini nitaifunga kabla ya mvua za Novemba, ikiwa na bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi la paa. Anodi ya magnesi haiguswi, kwa sababu katika maji yasiyopitisha umeme vizuri ndiyo aina inayofaa.