Kusafisha jiko la peleti: fuata njia ya hewa

Jiko la peleti, yaani linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, likianza kusumbua, lawama huiendea bodi ya umeme. Mara nyingi tatizo ni jivu tu. Jiko hili hutegemea feni: hewa huingia kwa matundu ya chungu cha moto, ambamo peleti huungua, hupita kwenye mabomba ya kubadilishia joto, kisha hutoka kwa dohani. Jivu likiziba popote hapo, moto hulegea. Kwa hiyo safisha ukiifuata njia hiyo.

Kwanza zima jiko kwa swichi yake na usubiri feni isimame yenyewe. Likishapoa kabisa, chomoa plagi. Usilizime kwa kuchomoa plagi, maana feni itasimama moshi ukiwa bado ndani, nao waweza kurudi chumbani.

Chungu cha moto kinataka kuangaliwa kila siku. Kitoe, kikwangue, kisha kiinue kwenye mwanga: kila tundu lazima lionekane wazi, hata kama ni la kuzibuliwa kwa msumari. Mabonge magumu kama mawe hutokana na jivu lililoyeyuka, hasa peleti zikiwa na mchanga au magome. Futa pia kikalio chake, kwani punje chache tu za jivu hukiinua, hewa ikapita pembeni badala ya kupita kwenye matundu. Ukikirudisha, tundu la kiwashio lielekee kiwashio chenyewe, la sivyo moto hautawaka.

Rangi ya moto hukueleza hali. Moto mzuri ni mfupi, wa njano angavu na wenye nguvu. Ukiwa mrefu, wa rangi ya chungwa, unayumba na kutoa ncha nyeusi, hewa haitoshi. Kioo nacho kitakuwa cheusi upesi. Kifute kikiwa baridi, kwa karatasi yenye unyevu iliyochovywa kwenye jivu laini, kisha kwa kitambaa safi.

Peleti za daraja la A1, lililo la juu kwa ubora, hazitakiwi kuzidi asilimia 0.7 ya jivu, yaani takriban gramu 100 kwa mfuko wa kilo 15. Ukipata zaidi ya hapo, badilisha peleti.

Kila wiki moja au mbili, vuta mara kadhaa mpini wa kukwangua mabomba ya joto na umwage droo ya jivu. Tabaka jembamba la jivu huzuia joto lisifike chumbani, likapotelea nje na moshi. Tumia kifyonzaji maalumu cha jivu pekee. Kile cha kawaida kinaweza kushika moto kwa kaa moja lililojificha. Jivu liweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na mbao. Makaa huweza kuendelea kuishi humo kwa siku kadhaa.

Tangi la peleti lisijazwe tu bila kulimaliza. Unga wa peleti hujikusanya chini, ukabana skrubu ya kulishia, ile inayosukuma peleti hadi kwenye chungu. Liache liishe mara kwa mara, uufyonze.

Mlango upime kwa kipande cha karatasi: ufunge ukiwa umekibana, kisha kivute. Kikitoka kirahisi, kamba ya kuzibia imechoka.

Mwisho wa msimu wa baridi ndipo penye kazi kubwa: piga brashi dohani, ondoa masizi kwenye mapanga ya feni ya moshi, na uzibue mpira mwembamba uendao kwenye swichi ya shinikizo, ile inayohisi kama hewa inavutwa vizuri. Uchomoe kwanza kwenye swichi; ukiupuliza ukiwa umeunganishwa utaiharibu. Usiliache jivu ndani hadi msimu ujao, kwa sababu hunyonya unyevu na kula chuma. Peleti zilizobaki kwenye skrubu nazo huvimba na kukwama.

Jiko likigoma kuwaka na chungu kikajaa peleti, usibonyeze tena kitufe cha kuwasha. Lundo hilo hufuka moshi wenye gesi inayoweza kulipuka. Liache lipoe, umwage chungu, ndipo uanze upya.