Malengo Yangu Mwaka Huu: Kujifunza Kuchonga Uwazi

Wanafunzi wa uchongaji tukiulizwa malengo yetu, wengi hujibu kwa idadi: vinyago kadhaa vikamilike kabla ya muhula kwisha, maonyesho ya kwanza yafanyike, mteja wa kwanza apatikane. Sioni ubaya wa hesabu hizo, kwa kuwa ada hulipwa kwa fedha na mpingo haupatikani bure, lakini hazimwelekezi mtu ashike patasi ipi asubuhi wala alianze gogo upande gani. Ndiyo maana mwaka huu nimejiwekea lengo moja linalohusu mkono wenyewe, nalo ni kujifunza kuchonga uwazi, yaani ile nafasi inayobaki kati ya kiwiko na kiuno, au kati ya mtu na mwenzake, ambayo isipotazamwa vizuri kinyago kizima hubaki kuwa gogo lenye michoro juu ya ngozi yake.

Lengo hilo limetokana na vinyago vya ujamaa vya Wamakonde. Wakazi wa Dar es Salaam tunaviona kila tupitapo Mwenge: watu wamepandana, huyu amembeba yule, wazee chini na watoto juu, wote wakiwa wametokana na gogo moja lisilo na kiungo. Mtindo huu unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alichonga mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja kushika baadaye, wakati wa siasa ya Mwalimu Nyerere. Kinachonivuta mimi ni kwamba katika kazi zilizo bora mwanga hupenya kati ya miili hiyo hadi upande wa pili, na mtazamaji akizunguka hatua chache tu, matundu yale hubadilika umbo, na watu nao huonekana kama wamejisogeza. Kazi zilizofanywa kwa haraka hazina hali hiyo hata kama nyuso zake zimesuguliwa kwa msasa zikang'aa.

Yupo mzee mmoja fundi ambaye huniruhusu kukaa karibu yake anapofanya kazi. Nikishampa shikamoo, hunionyesha pa kukaa na kuendelea bila maneno mengi. Huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo zake, akaondoa kwa tezo ile sehemu nyeupe ya nje mpaka kiini cheusi kijitokeze. Nilitarajia angeanza na kichwa, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tufanyavyo, lakini yeye hutoboa kwanza. Huigonga patasi nyembamba polepole, akaligeuza gogo, akatoboa tena kutoka upande wa pili hadi matundu yakutane, na hapo ndipo huanza kuamua bega la nani liwe wapi. Siku moja aliniambia, "Uso utasubiri, mjukuu wangu, kwanza hewa ipite."

Utaratibu huo unahitaji ujasiri, maana mpingo hausamehe. Ni mti mgumu na mzito kiasi kwamba kiini chake huzama majini, huchukua miongo mingi kukomaa, na ukikauka vibaya hupasuka. Kwa sababu hiyo mazoezi yangu ya kutoboa nayafanya kwanza kwa udongo wa mfinyanzi, kisha kwa mti wa mwembe, na mpingo naugusa pale tu ninapojua tundu litaanzia wapi na kutokea wapi.

Ilhamu nayo nimeacha kuingoja chumbani. Naifuata soko la samaki la Feri alfajiri, wakati vikapu vinapopita kutoka mkono hadi mkono, na katika daftari langu sichori watu bali nafasi zilizo kati yao: pembetatu iliyo chini ya kwapa la aliyejitwisha ndoo, ufa mwembamba kati ya migongo miwili iliyoegemeana. Nimejifunza pia kutoka kwa sanamu ambazo si za mti. Ile Sanamu ya Uhuru ya Kampala, iliyofanywa mwaka 1962 na Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma Makerere, inaonyesha mtu aliyefungwa mwili kwa mikanda akimwinua mtoto aliyenyoosha mikono angani. Kwa maoni yangu, furaha ya sanamu hiyo imekaa katika anga iliyo kati ya mikono ile miwili.

Gogo nililonalo sasa lina mpasuko unaoteremka kutoka juu hadi karibu na katikati. Niliponunua, muuzaji alilipunguza bei kwa ajili yake. Nimeamua kuufuata mpasuko huo, niupanue kwa patasi uwe nafasi kati ya mama na binti yake, kisha nimpelekee mzee alitazame kabla sijachonga uso wowote.