Mikumi, Udzungwa hadi Kitulo na watoto watatu: nilivyopanga safari na gari

Kanuni yangu kwenye njia hii ya hifadhi tatu za taifa ni moja: anza chini, malizia juu. Mikumi na Mang'ula, penye lango la Udzungwa, kuna joto na mbu, Kitulo iko kwenye mita 2,600 na usiku wake ni wa baridi kweli. Tulitumia siku saba kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na mbili za kurudi. Tulikwenda Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Maua ya Kitulo huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani ndani ya mvua, kwa hiyo Desemba unaanza kuyaona kabla barabara za udongo hazijachoka.

Kazi kubwa ilifanyika gereji. Njia hii huua breki na kuchemsha injini, mengine ni madogo. Nilibadilisha pedi za breki za mbele ingawa zilikuwa hazijaisha, na mafuta ya breki yote yakamwagwa, yakawekwa DOT 4 mapya. Sababu ni kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa; kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, maji yale huchemka na kuwa mvuke, pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Rejeta ilisafishwa, mfuniko wake ukabadilishwa kwa sababu mpira ulikuwa umekakamaa. Nilibeba lita tano za maji, fenibelti moja ya akiba, kamba ya kuvutia na ubao wa kuweka chini ya jeki. Kwenye tope jeki bila ubao inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kupita tu hulipii. Ukitaka kuingia ndani unalipa getini, kwa kadi au kwa namba ya malipo, si fedha taslimu. Tuliingia saa tisa alasiri, tukatoka, tukarudi alfajiri. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Usivae bluu iliyoiva wala nyeusi, ndorobo wanazipenda.

Udzungwa haina barabara za magari ndani, ni miguu tu. Hapa wengi hukosea hesabu ya viti. Njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka mita 170, inaanzia kijiji cha Sanje ambacho unakipita ukitokea Kidatu, lakini malipo na askari wa kukuongoza viko Mang'ula, kama kilomita kumi mbele. Unakwenda kumchukua, kisha unarudi naye. Sisi ni watano kwenye gari la viti saba. Mwenye viti vitano vilivyojaa atafute bodaboda ya askari. Kwenda na kurudi tenga saa nne, tano ukiwa na mtoto mdogo. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na viatu viwe na meno, kwa sababu mawe karibu na maji yana utelezi.

Kutoka Mikumi kwenda Iringa kuna mlima Kitonga. Nyuma ya lori linalopanda acha nafasi ya magari matatu. Likikosa gia linarudi nyuma kwanza kabla ya kushika. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi na washa hita hadi mwisho. Familia italalamika, lakini hita inatoa joto la injini. Ukilazimika kusimama, acha injini iungurume taratibu, na mfuniko wa rejeta usiguswe.

Tulilala Chimala, kwenye barabara kuu chini ya Kitulo, ili tupande asubuhi, kabla ya ukungu na mvua ya mchana. Barabara ya kwenda Matamba, mji mdogo wa huko juu, watu huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake, na kila kona inahesabika tumboni mwa mtoto. Tuliwapa mkate mkavu na chai ya tangawizi tu, simu tukazikusanya, mwepesi wa kutapika akakaa mahali anapoona mbele, na katikati ya njia tukasimama robo saa. Masweta yalikuwa kwenye begi la juu kabisa, si chini ya mizigo yote. Tenki lijazwe huku chini kwenye lami. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza kama robo ya nguvu zake huko juu, kwa hiyo panda na gia namba moja au mbili bila kuona aibu.

Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake. Moja ya hatari ilikuwa uchimbaji wa viazi vya maua ya okidi vilivyokuwa vikipelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, basi waambie watoto mapema kwamba hapa hakuna kuchuma wala kuchimbua. Faida yake kwa familia ni kwamba mnatembea kwa miguu bila hofu ya tembo. Kofia zivaliwe hata kukiwa na baridi, jua la huko linababua. Maharage yapikwe yaive kabisa kabla ya kupanda. Maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na maharage mabichi yatamaliza mtungi wa gesi kabla hayajalainika.

Kushuka, niliulizia getini hali ya njia ya Isyonje. Ilikuwa haijanyeshewa siku mbili, tukapita huko hadi Mbeya. Ingekuwa na tope ningerudi Chimala, gia ya L (ile ya chini kabisa) tangu kona ya kwanza, breki zikikanyagwa kwa vipindi vifupi vya nguvu, si kuzilalia muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika ishirini bila kuvuta hendibreki. Weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu. Na usimwagie maji diski yenye moto, itapinda.