Risiti ninayo, programu sina
Juzi kompyuta ilinikatalia kurekebisha barua niliyoiandika mwenyewe, ikaniruhusu kuisoma tu, kwa madai kwamba leseni ya programu imekwisha muda, ilhali risiti ya dukani ninayo mpaka leo. Nilipoketi kusoma masharti niligundua kwamba sikununua programu, bali ruhusa ya kuitumia kwa mwaka mmoja. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta akiwalaumu kwa kuiba programu, na hoja yake naielewa, kwani mwandishi wa programu naye hula. Lakini moyo wangu uko kwa Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Marekani aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu yuko huru kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, akishikilia kwamba programu unayoipenda huna budi kumgawia mwenzako anayeipenda. Barua nimeimalizia kwenye LibreOffice, programu huria ya kuandikia isiyodai malipo, ingawa jedwali moja limepinda.