Timazi, Jeti na Mawe Manne: Nilivyonunua Gari la Spoti Lililoundwa Nyumbani

Karibu kila mtu niliyemweleza nia yangu alinishauri kwamba nitafute fundi wa injini, niende naye, aisikilize ikinguruma, na akiridhika nilipe. Ushauri huo ungefaa kama ningekuwa nanunua Toyota Probox. Mimi nilikuwa natafuta gari dogo la wazi, lenye viti viwili, ambalo halikukamilishwa na kiwanda chochote: mtu alinunua vipande, akaviunganisha nyumbani kwake, kisha akachukua injini, giaboksi na difu kutoka kwa gari jingine la kawaida. Katika gari la aina hiyo injini ndiyo kitu rahisi zaidi kubadilisha. Mnunuzi hulipia mkono wa aliyeliunganisha pamoja na chesisi, yaani fremu ya chuma, aliyoanzia, na hivyo viwili havisikiki hata ukanyage mafuta mpaka majirani watoke nje.

Baba wa magari haya ni Lotus Seven, iliyobuniwa na Mwingereza Colin Chapman na kuanza kuuzwa mwaka wa 1957. Wakati ule gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi huko Uingereza, ilhali vipande vilivyouzwa kwa mtu akajiunganishie nyumbani viliepuka kodi hiyo, na ndiyo maana wapenzi wengi wa magari wasio na fedha nyingi waligeuka mafundi. Kodi hiyo iliondolewa mwaka wa 1973, na mwaka huohuo haki za kuunda Seven zikaenda kwa Caterham, lakini kufikia hapo umbo lake lilikuwa limeshapendwa, na viwanda vingine vidogo vikaendelea kuuza vipande vya magari yanayofanana nalo. Mengi yalitumia mitambo ya Ford Escort, gari ambalo wazee wa Kenya hawahitaji kutambulishwa, kwani ndilo lililomletea Hannu Mikkola ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1972 na Björn Waldegård mwaka wa 1977. Kwangu mimi hilo lilikuwa na maana moja kubwa: Nakuru bado kuna mafundi wenye mvi wanaoweza kuifungua injini ya Escort huku wakizungumzia siasa.

Shemeji yangu, ambaye ana jibu kwa kila jambo, alinisukuma niagize moja kutoka Uingereza kwa sababu huko ni nyingi. Nilimweleza kwamba Kenya hairuhusu gari lililotumika na lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na hayo niliyoyaona yakiuzwa huko kwa bei ninayoiweza yalikuwa na umri wa watoto wake wakubwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akanishauri ninunue Subaru.

La kwanza nililolipata humu nchini lilikuwa Eldoret, mikononi mwa dalali mmoja mwenye maneno matamu. Lilikuwa jekundu, limepigwa polishi, na injini yake iliwaka mara moja na kulia vizuri mno. Fundi wa injini angelipitisha bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wenye timazi ya mwashi, pimamaji, chaki, futi ya mita tano na bisibisi kuukuu, na nilipovitoa vifaa hivyo mmoja baada ya mwingine dalali alinitazama, akamtazama mwenzake, akaniuliza, “Kwani mkubwa, unanunua gari ama unajenga nyumba?”

Nitaieleza kazi hiyo kwa kirefu kwa sababu sijaona mtu mwingine akiifanya huku kwetu, na kwa sababu, nikubali, naionea fahari. Gari lilikuwa ndani ya ghala lenye sakafu ya saruji. Tuliliinua kwa jeki na kuliweka juu ya mawe manne ya kujengea, kisha nikatia vipande vyembamba vya mbao hadi pimamaji iliponionyesha kwamba chesisi imelala sawa pande zote. Baada ya hapo nilining'iniza timazi kutoka kwa boliti moja inayoshika mkono wa chini wa saspensheni, mbele kushoto, nikaisubiri itulie, jambo linalohitaji subira kwa sababu upepo wa Eldoret hauna adabu, na pale ncha yake ilipoelekea nikatia alama ya chaki sakafuni. Nikafanya vivyo hivyo mbele kulia, nyuma kushoto na nyuma kulia. Tulipoliondoa gari, sakafuni palibaki alama nne. Chesisi iliyonyooka, hata kama mbele ni nyembamba kuliko nyuma, lazima umbali kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia ulingane na ule wa kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Nilimwomba dalali mwenyewe ashike upande mmoja wa futi, asije akasema baadaye kwamba nimepima kwa hila.

Tofauti ilikuwa karibu upana wa vidole viwili. Dalali alisema futi yangu ni ya Kichina. Tukapima kwa uzi, tukafunga fundo, na uzi nao ukasema vilevile. Hapo nikalala chini ya gari na tochi, na nyuma ya kipande cha bati la alumini kilichofungwa kwa ribiti mpya zinazong'aa nikauona mkunjo kwenye bomba la chesisi, upande wa mbele kushoto, na juu yake kibonge cha kulehemu kilichofichwa kwa rangi nzito nyeusi. Gari hilo liliwahi kugonga kitu kigumu. Magurudumu ya mbele yasingekubali kamwe kufuatana na ya nyuma, hata ulipeleke kupangwa magurudumu kila mwezi.

Kama hilo halikutosha, rekodi nilizozitafuta kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, kwa ada ya shilingi mia tano na ushee, zilieleza kwamba nambari zile za usajili ni za gari la saluni lenye milango minne. Kibati chenye nambari ya chesisi kilikuwa kimeng'olewa kwenye gari jingine na kupigwa ribiti hapo. Dalali aliniambia kwa upole kwamba logibuku, hati ya umiliki wa gari, ni karatasi tu, nilipe kwanza, mengine tutapanga. Ushauri huu nimeusikia kwa watu wengi, wakiwamo wenye elimu zao, nami nashangaa jinsi unavyotolewa kwa wepesi na mtu ambaye hatakuwapo siku polisi watakapolinganisha karatasi hiyo na chuma chenyewe. Nilikunja uzi wangu, nikapanda matatu ya kurudi Nakuru.

Gari nililolinunua lilikuwa Kisumu, kwa mwalimu mstaafu wa ufundi wa vyuma ambaye alikuwa ameliunganisha mwenyewe, polepole, kutoka kwa vipande vilivyoingia nchini zamani ndani ya kasha la mbao. Halikuwa na sura ya kupendeza kama lile la Eldoret. Rangi yake ya kijani ilikuwa imechujuka kwa jua la ziwani na kiti kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Lakini kabla hata ya kufungua boneti, Mzee aliingia ndani na kutoka na daftari la shule lenye mistari, ambamo aliandika kila alichofunga, alichofungua na sababu yake, pamoja na ukubwa wa kila boliti. Nilisoma kurasa chache nikajua kwamba nitanunua, ingawa sikuonyesha usoni.

“Mzee, kwa nini unaliuza?” nilimuuliza.

“Magoti, kijana wangu. Kuingia naweza. Kutoka ndiko kunakohitaji watu wawili.” Kisha akanitazama nikijipenyeza chini ya usukani, na akaongeza, “Na wewe usikawie sana kulifurahia, naona tumbo linakuja.”

Mzee hakuishangaa timazi. Aliniletea ya kwake, nzito zaidi. Tofauti ya vipimo haikuzidi unene wa mstari wa chaki. Nikatumia bisibisi kuudunga upande wa chini wa mabomba, hasa pale bati la alumini linapokutana na chuma, kwa kuwa metali hizo mbili zikilowa pamoja huliwa na kutu upesi, na hewa ya Kisumu ina unyevu wa kutosha kulifanya jambo hilo kwa starehe. Bomba moja chini ya kiti cha abiria lilikubali bisibisi iingie. Mzee aliona, nami niliona kwamba ameona, na bei ikashuka bila mtu yeyote kupandisha sauti. Nilikagua pia kama mikanda ya usalama imefungwa kwenye chesisi yenyewe wala si kwenye bati, na kama mipira ya petroli haigusi bomba la ekzosi. Tulilijaribu kwa kupanda mlima wa Riat kwenye barabara ya Kakamega, likapanda kama swala. Rekodi zililingana na gari, uhamisho wa umiliki tukaufanya kwenye simu tukiwa tumeketi chini ya mwembe, na nilichomlipa hakikufikia bei ya Probox iliyokwisha kuchoka.

Safari ya kurudi ndiyo iliyoleta washauri wengi zaidi. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kufunga fimbo ndefu ya mwanzi nyuma ya kiti, yenye kitambaa chekundu kileleni, kwa sababu ukiwa ndani ya gari hili kichwa chako kinalingana na ekseli ya lori, na kati ya Mau Summit na Salgaa sikutaka dereva wa trela agundue kuwapo kwangu kwa kusikia mlio. Watu walicheka Ahero, wakacheka Awasi. Madereva wa malori hawakucheka; walinipisha.

Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kericho inakaribia kuwa maradufu ya hapo. Kadiri nilivyopanda, ndivyo gari lilivyopoteza nguvu, likaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi unaonuka petroli. Kwenye kituo cha mafuta cha Kericho nilizungukwa. Mmoja aliapa kwamba nimeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mwingine akasema pampu imekufa, wa tatu akataka kufungua silinda hedi papo hapo. Nilifungua plagi moja, nikaikuta imejaa masizi makavu meusi, basi nikamshukuru kila mtu na kuendelea taratibu. Kabureta zake, vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, ni Weber mbili ambazo Mzee alizipanga kwa hewa ya ziwani. Juu huku hewa ni nyepesi, petroli inayopita kwenye jeti, kile kijitundu cha kupimia mafuta, ni ileile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito na injini inakabwa. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban sehemu moja katika tano ya nguvu zake hata ikipangwa vizuri, na hilo hakuna fundi atakayeliponya.

Linaloponyeka ni moshi. Fundi mmoja wa jua kali alijitolea kuziba jeti kwa risasi ya kulehemu na kuzitoboa upya kwa sindano, na alikasirika nilipomkatalia. Jeti ya Weber hupimwa kwa sehemu za milimita. Ile iliyoandikwa 120 ina tundu la milimita 1.20, na sindano ya kushonea haijui hesabu hiyo. Niliagiza jeti kuu za 115, zenye tundu dogo zaidi, kutoka kwa watu wa magari ya mashindano Nairobi, zikafika kwa basi ndani ya bahasha ndogo, zikagharimu pesa ambazo mke wangu hajaziuliza na ambazo sijazitaja. Moshi ulikwisha siku hiyohiyo.

Upepo wa matairi nao umenigombanisha na vijana wa vituo vya mafuta. Wao hujaza psi 32 kwa kila kitu chenye magurudumu manne. Gari langu halifikii uzito wa nusu ya saluni ya kawaida, na likijazwa hivyo hurukaruka barabarani na kuteleza kwenye kona. Mimi hutia kati ya 18 na 20, nikitumia kipimo changu mwenyewe, na kila mara kuna mtu wa kuniambia kwamba tairi zangu zimeisha upepo. Bima ilikuwa rahisi kwa ile ya kulinda watu wengine, lakini ya kina, inayolinda na gari lenyewe, ilikataliwa na kampuni kadhaa kabla sijapata moja iliyokubali, baada ya mthamini wake kusoma daftari la Mzee kurasa zote huku chai ikipoa.

Jumapili hutoka mapema, kabla ya bodaboda kuamka, nikaelekea Mogotio hadi mstari wa ikweta, ama nikapanda Bahati na kuteremka Subukia. Matuta hupitwa kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na yale yaliyojengwa na wanakijiji kwa mchanga na hasira hayapitiki kabisa, ni kugeuza. Abiria huonywa asishuke akiwa amevaa kaptura, kwa sababu bomba la ekzosi linapita ubavuni na limeshamchoma shemeji yangu, yule wa Subaru. Mvua ndefu zikianza nitaliweka tena juu ya mawe nikalehemu lile bomba la chini ya kiti, kisha nibadilishe nyaya zote, kwani Mzee, pamoja na ustadi wake na daftari lake, alitumia waya wa rangi moja tu, nyeusi, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma.